Kuchagua vifaa vyepesi vya kulala kwenye theluji, kwa sie wa mwisho wa reli

Tuko watu sita hapa Kigoma tunajiandaa kupanda Kilimanjaro mwezi wa pili, na wawili kati yetu tunataka tulale usiku mmoja ndani ya kreta, lile shimo la volkano kule juu, mita 5,700 na kitu, kwenye barafu yenyewe. Kila siku kuna mtu ananiuliza ninunue nini, niache nini, hili jaketi linafaa au nimepigwa. Nimeona bora niandike yote mara moja, wa Kigoma asome, wa Tabora asome, na hata kama una kijana wako anaenda kusoma nchi za baridi mpe asome.

Theluji mimi nimeijulia Norwei. Nilikua Bergen miaka miwili nasoma mambo ya uvuvi, na mwaka wa kwanza tu wenzangu darasani wakaniambia mwezi wa pili twende Finse. Finse ni stesheni, ndio iliyo juu kuliko zote kwenye reli ya Bergen kwenda Oslo, mita 1,222 kutoka usawa wa bahari. Ukiangalia huo urefu ni kama wa Tabora tu. Ila Tabora mwezi wa pili mahindi yako shambani na mvua inanyesha, na pale unashuka kwenye behewa unakanyaga theluji mpaka magotini na huoni mti hata mmoja, ni weupe tu na upepo. Nilibeba kilo 24 mgongoni. Slipingi begi langu, yaani mfuko wa kulalia, lilikua zuri, nene, la bei mbaya, na chini yake nilitandika kimati chembamba cha mazoezi ambacho nilikinunua kwa sababu kilikua chepesi. Usiku ule sikulala. Juu nilikua na joto, chini kuanzia mabega mpaka makalio nilikua kama nimelazwa kwenye sakafu ya chumba cha samaki, nikawa najigeuza kama mgebuka kwenye kikaango mpaka kukakucha.

Kwaiyo ninachotaka mkielewe ni kwamba wepesi hautafutwi kila mahali. Kuna sehemu unakata uzito mpaka unashangaa, na kuna sehemu tatu hukati hata gramu: kinachokutenga na ardhi, kinachokinga mikono na miguu, na moto wa kupata maji. Ukikata huko umekata usingizi, umekata vidole.

Hatua ya kwanza: pima kila kitu kabla hujanunua chochote

Watu wengi wanaanza dukani. Anza na mzani. Mi nilichukua kila kitu nilichokua nacho nikakitia kwenye kiroba nikashuka nacho Kibirizi mwaloni, nikamuomba mzee mmoja anayenunua dagaa aniazime ule mzani wake wa kuning'iniza. Akaniuliza, "Mwanangu, unauza nguo kwa kilo?" Nikamwelezea, akakaa tukapima wote, kimoja kimoja, ye anasoma mimi naandika. Kwa vitu vidogo ule mzani hauoni kitu, hivyo nikaenda kwa muuza duka mwenye mzani wa kidijitali wa kupimia viungo.

Ukishapima bandika kipande cha selotepu kwenye kila kitu uandike gramu zake. Inaonekana ni kazi ya kitoto lakini hapo ndipo macho yanafunguka. Jinzi ilikua gramu 760. Taulo la kuogea gramu 540, na kule juu huogi. Begi tupu, bila kitu ndani, kilo 2 na gramu 900. Tochi ya betri kubwa tatu nusu kilo. Nilikua na sufuria mbili zenye mifuniko, visu viwili, vikombe viwili, na mimi ni mtu mmoja. Kabla sijatoa hela yoyote nilishatoa karibu kilo 4 kwa kuacha tu nyumbani.

Watu wa safari nyepesi wanahesabu uzito wa begi bila chakula, maji na mafuta ya jiko, kwa sababu hivyo vinapungua njiani. Majira ya kawaida wanapenda wawe chini ya kilo 9. Kwenye theluji usijidanganye na hiyo namba, mimi kilo 11 au 12 naiona nzuri kabisa, na aliyekuja na 8 tukiwa tunaenda kulala kwenye barafu ntamuuliza ameacha nini.

Kwa Kilimanjaro kuna jambo jingine. Pale hupandi peke yako, lazima uwe na mwongozaji, na mzigo wako mkubwa anaubeba mpagazi, na kanuni ya hifadhi mpagazi hazidishi kilo 20 za mzigo, na humo mna vitu vya kambi pia. Sisi wa huku tuna historia na hilo neno. Wanyamwezi na jirani zao ndio waliotembeza misafara kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, mtu na frasila mbili begani, kilo 32 hivi, miezi kadhaa njiani. Mjukuu wa watu wale asimbebeshe kijana wa Kichaga kilo 5 za taulo na jinzi. Punguza.

Hatua ya pili: cha kulalia chini, hapa usiwe na haraka

Slipingi begi inafanya kazi kwa kuvimba. Ile hewa iliyokaa katikati ya manyoya ndio inayotunza joto lako. Sasa ukilala, upande wa chini unaukandamiza, hewa inatoka, yale manyoya yanakua kama kitambaa tu. Kwaiyo joto la chini yako ni kazi ya mati peke yake, hata slipingi ingekua ya milioni mbili.

Mati zina kipimo kinaitwa R, kinaonyesha zinazuia joto kutoroka kwa kiasi gani. Namba ikiwa kubwa ndio bora. Tangu 2020 makampuni mengi yanatumia njia moja ya kupima, hivyo mati mpya ya kampuni hii unaweza kuilinganisha na ya kampuni ile. Za miezi ya joto zina R ya 1 au 2. Kwenye theluji tafuta 5 na kuendelea. Na uzuri wake hizi namba zinajumlishwa: ukitandika mati ya povu yenye R 2 halafu juu yake ya kujaza upepo yenye R 4 umepata 6. Mi hiyo ndio njia ninayoipenda, kwa sababu ya upepo ikitoboka usiku wa manane bado una povu chini yako, na ya povu mchana unakalia wakati wa kupumzika na unaikanyaga ukiwa unabadilisha soksi. Ya povu ina gramu 400 hivi. Hizo gramu 400 usizitoe.

Shida yetu ni kwamba mtumba haji na karatasi ya maelezo, na hata vya dukani mtu anakwambia hii ni ya baridi kali na ye mwenyewe baridi hajawahi kuiona. Nilitafuta njia ya kujaribu huku huku Kigoma na nikaipata kwenye samaki.

Nunua barafu ya kuhifadhia samaki, ile ya kusaga au ya vipande, ndoo tatu au nne zinatosha. Tandika turubai kivulini, mwaga barafu isambae upana wa mgongo, unene wa kiganja. Halafu chukua chumvi ya Uvinza, kama kilo moja kwa kila kilo nne za barafu, nyunyizia juu uchanganye. Barafu ikikutana na chumvi inayeyuka lakini ubaridi unashuka chini ya sifuri, ukiipatia vizuri inafika nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, ndio dawa ya zamani ya wauza aiskrimu. Funika na turubai jingine ili mati isilowe chumvi. Weka mati juu, vaa suruali nyepesi, lala chali nusu saa. Usilale dakika tano ukasema iko poa, kwa sababu dakika tano kila kitu kiko poa. Mati mbovu kwenye dakika ya kumi utaanza kuhisi kama mtu ameweka sarafu ya baridi kwenye kila fupa la mgongo, kwanza kwenye makalio, halafu mabega, halafu visigino. Mati nzuri nusu saa inaisha unahisi ubaridi wa mbali tu. Usiweke mkono mtupu kwenye huo mchanganyiko muda mrefu, unaunguza ngozi kabisa.

Tulijaribu mati nne hivyo, uani kwetu Gungu, watoto wa jirani wamejaa wanaangalia. Iliyoshinda ni moja imechakaa rangi, ya mtumba, elfu kumi na tano. Iliyoshindwa vibaya ilikua mpya na ndio ya bei kuliko zote.

Hatua ya tatu: slipingi begi

Kuna za manyoya ya bata na kuna za nyuzi za viwandani. Za manyoya ni nyepesi na zinakunjika ndogo, ila zikilowa zinashikana zinakua madonge na joto linaisha. Za nyuzi ni nzito zaidi kwa joto lile lile, zinakula nafasi kwenye begi, lakini hata zikilowa bado zinakupa kidogo. Kwa baridi kavu ya theluji, ambako maji yote yameganda, manyoya ndio chaguo, na kazi yako inakua kuyalinda na unyevu unaotoka kwako mwenyewe, jasho na pumzi. Usiingize pua ndani ya begi ukapumulia humo. Najua inashawishi, kila mtu anafanya usiku wa kwanza, asubuhi begi limelowa.

Kwenye lebo utakuta namba za joto, mara nyingi tatu. Ya kwanza ni ya mtu kulala kwa raha, ya pili ni mpaka wa mtu kuvumilia amejikunyata, ya tatu ni ya kutokufa tu. Muuzaji atakuonyesha hiyo ya tatu kwa sababu ndio inayotisha. We angalia ya raha. Kwa kambi za juu za Kilimanjaro, Barafu au Kibo, chukua yenye raha kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, na kwa kreta ambako usiku unaweza kushuka mpaka nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, nenda na ya 15 halafu lala na jaketi lako zito. Hiyo ndio akili ya wepesi: jaketi unalo tayari, lifanye kazi usiku pia badala ya kubeba begi zito zaidi.

Sasa mitumba. Pale soko la Mwanga belo za majaketi na slipingi zikifunguliwa wahi asubuhi, na usinunue kwa rangi. Likunje likandamize kwa mikono miwili mpaka liwe donge, hesabu mpaka thelathini, achia. La manyoya mazuri linaumuka lenyewe polepole kama unga wa maandazi uliokolea hamira. Likibaki limelala, manyoya yamekufa. Halafu liinue juu dhidi ya jua, angalia vyumba vyake kimoja kimoja: ukiona chumba mwanga unapita kuna uwazi na baridi itaingia hapo hapo. Vuta zipu mara kumi, kwa sababu zipu ikikufia usiku kwenye theluji hakuna fundi. Mwaka ambao nilipanda mara ya kwanza nilikodishiwa Moshi slipingi ambayo zipu ilikua imeachia katikati, niligundua kambini giza limeshaingia, nikaifunga kwa kamba za viatu. Tangu hapo cha kukodi nakikagua mbele ya mwenye nacho, nalala ndani yake pale pale dukani, nafunga mpaka kidevuni.

Kabla ya kulala chemsha maji ujaze chupa ngumu isiyovuja, ivalishe soksi, iweke katikati ya mapaja. Ni gramu sifuri za ziada kwa sababu asubuhi hayo ndio maji yako ya kunywa, na hayajaganda. Na ukibanwa mkojo usiku toka ukojoe, usijivumilishe ukadhani unatunza joto, kujibana kunakunyima usingizi na kutoka dakika mbili hakutakuua.

Hatua ya nne: nguo

Pamba naiheshimu, ila kwenye theluji pamba iache. Tisheti, boksa, soksi, jinzi, zote pamba. Pamba inanyonya jasho inalishika, na maji yanaondoa joto mwilini kwa kasi mara 25 hivi kuliko hewa. Ukisimama kupumzika tu umeanza kutetemeka.

Ya mwilini iwe sufu au ile ya michezo ya nyuzi. Pale Norwei wana fulana moja ya sufu ina matundu kama nyavu. Nilipoiona nilisema hii si dagaa tunavulia hii? Na kweli, aliyeibuni miaka ya 1930 ni mwanajeshi wao Henrik Brun, na alianzia na nyavu za samaki. Matundu yanashika hewa ya joto karibu na ngozi, na jasho linapita halikai. Na kwa sababu nusu yake ni matundu, ni nyepesi kuliko fulana ya kawaida.

Juu yake sweta la flisi jembamba. Juu yake koti jepesi la kuzuia upepo, halihitaji kua zito, la gramu 300 au 400 linatosha theluji ikiwa kavu. Halafu jaketi la kuumuka ambalo unalivaa ukisimama tu, na liwe pana livalike juu ya vyote. Ukitembea nalo umekosea, utatoka jasho, na jasho la saa nne asubuhi ndio baridi ya saa nne usiku. Anza kutembea ukiwa unahisi kibaridi kidogo. Hili watu wa huku linatushinda kwa sababu tukisikia baridi tunajivika kila kitu, nami lilinichukua safari mbili kulizoea.

Glovu usizipunguze. Beba nyembamba za kufanyia kazi, juu yake zile nene za vidole vinne chumba kimoja, na jozi ya akiba imefungwa kavu. Kidole gumba kikiwa peke yake na vinne vikiwa pamoja vinapashana. Zijaribu kabla: mwombe mtu mwenye friza la samaki akuruhusu ushike vitu humo ndani dakika kumi ukiwa umevaa, halafu jaribu kufunga kamba, kuwasha kiberiti, kufungua zipu. Ambacho hukiwezi na glovu hapo hutakiweza kule. Zipu zote nilizifunga vipande vya kamba ya nyavu, sentimita sita, ili nivute na mkono mnene. Havina uzito wowote.

Buti ziwe kubwa kwa namba moja. Mtu anavaa soksi tatu buti inabana, damu haipiti, vidole vinaganda ndani ya soksi tatu. Soksi moja nyembamba na moja nene ya sufu na vidole vinacheza, basi. Kati yake mimi naweka mfuko wa kufungia mkate, mguu unalowa kidogo kwa jasho lakini soksi nene na buti vinabaki vikavu, na usiku navua najifuta navaa soksi kavu za kulalia ambazo hazijawahi kugusa buti. Ambaye analala na soksi alizotembea nazo, hata zikionekana kavu, miguu haitapata moto.

Hatua ya tano: tenti

Hapa ntapita haraka kwa sababu Kilimanjaro kampuni inaleta tenti. Kwa anayenunua yake: ya watu wawili chini ya kilo 3 inatosha, iwe na nguzo imara na paa la mteremko theluji isikae. Yenye kuta za neti tupu upepo unakurushia unga wa theluji usoni. Acha tundu la juu wazi hata kama kuna baridi, pumzi za watu wawili usiku mzima zinaganda kwenye dari na asubuhi ukigusa kitambaa zinakudondokea kama mvua.

Vigingi vya chuma viache, kwenye theluji laini vinachomoka. Kata salfeti ya sukari vipande vya upana wa kitambaa cha jasho, funga pembe nne kwa kamba, jaza theluji, zika kwa kina cha kiwiko, kanyaga, subiri nusu saa. Theluji inashikana inakua kama saruji. Kila kimoja kina gramu chache tu.

Hatua ya sita: jiko na maji

Mlimani Kilimanjaro kuni ni marufuku na wapishi wanakuja na gesi yao, lakini ambaye atakuja kulala kwenye theluji kwingine lazima ajue hili. Ndani ya vile vikopo vya gesi kuna gesi za aina tofauti. Butane ikifika nusu nyuzi chini ya sifuri haigeuki tena kua mvuke, jiko linazima wakati kopo limejaa. Isobutane inaenda mpaka nyuzi 12 chini ya sifuri, propane mpaka 42. Kwaiyo soma maandishi ya kwenye kopo, la butane tupu lirudishe. Tafuta lenye mchanganyiko wa isobutane na propane, na usiku lilaze ndani ya slipingi begi na wewe. Kwa baridi kali zaidi watu wanatumia jiko la petroli la kupampu, ni zito lakini haligomi.

Mafuta beba zaidi ya unavyodhani, kwa sababu kila tone la maji unaliyeyusha. Theluji mpya ni hewa tupu, lita kumi za theluji zinakupa lita moja hivi ya maji. Na usijaze sufuria theluji kavu ukaiweka motoni, chini inaungua na maji yananuka moshi. Weka maji kidogo kwanza, kama unavyoanzisha ugali, halafu ongeza theluji konzi kwa konzi.

Na usipike ndani ya tenti iliyofungwa. Sisi tunajua familia zilizolala na jiko la mkaa ndani hazikuamka. Gesi ya sumu inayotoka kwenye moto wa jiko dogo ni ile ile, haina harufu. Pika mlangoni, mlango wazi.

Mpira wa kunyonyea maji unaotoka begini uache nyumbani, unaganda kwanza kuliko kitu chochote. Chupa ya mdomo mpana, ibebe kichwa chini. Barafu inaanza kujiunda juu ya maji, hivyo ukiigeuza itakua upande wa kitako na mdomo utafunguka.

Vitu vidogo na chakula

Miwani ya giza inayofunika na pembeni ni lazima, theluji inarudisha miale mikali ya jua mpaka asilimia 80 na macho yanaungua kama ya fundi welda, halafu huoni siku mbili. Tochi ya kichwani, betri za lithiamu, simu na powabanki vilale nawe. Fimbo mbili.

Chakula kipimwe kwa nguvu kwa gramu. Mafuta yanatoa kalori 9 kwa gramu moja, wanga na protini 4. Karanga, korosho, dagaa wetu waliokaangwa wakauka, huwezi kupata protini nyepesi kuliko hiyo. Mawese usibebe kwenye chupa, yanaganda hayatoki. Yachanganye na unga wa kukaanga huku nyumbani. Asali ya Tabora nzuri sana ila itie kwenye vifuko vidogo ukae nayo mfukoni kwa ndani, ikipoa inakua gundi. Na chakula cha mchana kigawe vipande vidogo kabla, karanga unazokula bila kuvua glovu.

Kabla ya safari yenyewe tunaenda kulala usiku mbili Heru Juu, Kasulu. Hakuna theluji ila kuna upepo na ubaridi, na ndipo tutajua nani amesahau nini. Kila mtu anarudi na marundo matatu: nilichotumia kila siku, nilichotumia mara moja, ambacho sikukigusa. Rundo la tatu linabaki Kigoma isipokua dawa, glovu za akiba na taa ya akiba.

Na ukirudi, slipingi na jaketi la manyoya usiviache vimefungwa kwenye kifuko chake, manyoya yanazoea kulala. Ukivifua tumia sabuni laini kidogo sana, sio ya unga, suuza mpaka povu liishe, usikamue kwa kusokota. Tandaza kivulini penye upepo siku mbili au tatu, na kila baada ya saa chache pita na vidole chumba kwa chumba unapasua madonge kama unavyochambua mchele, mpaka usikie hakuna donge hata moja, halafu litundike kwenye kiroba kikubwa kisichobana.